Sahihi ya Mpagani

Kwenye kiwanda kile cha udobi, kilichofua mashuka ya hospitali mbili na hoteli sita, wafanyakazi walikuwa ishirini na watatu: ishirini na wawili waliookoka, na Mpagani.

Usidhani wote ishirini na wawili wokovu uliwashukia kutoka juu. Wengine uliwashukia kutoka kwenye orodha ya zamu. Msimamizi wa kiwanda alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suruali yenye mikunjo miwili iliyonyooka kama reli, na alitaka aitwe Mtumishi. Mtumishi alianzisha Kikundi cha Chumvi, kilichokutana kila siku saa moja asubuhi kwenye chumba cha kukunjia. Haikupita miezi mingi watu wakang'amua kwamba anayeimba saa moja hapangiwi mashuka ya chumba cha upasuaji saa mbili. Basi wokovu ukaenea kama upele. Hata dereva wa gari la nguo chafu, aliyekuwa akitukana mpaka taa za barabarani, akaanza kusema "ubarikiwe" huku amekunja uso kama anayemeza dawa.

Mpagani peke yake ndiye aliyebaki. Kazi yake ilikuwa boila, lile pipa kubwa la chuma lililochemsha maji na kusukuma mvuke kwenye mashine zote, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kulielewa, hawakuweza kumfukuza. Utotoni alibatizwa mara mbili, katika madhehebu mawili yasiyosalimiana, na mara zote mbili alifuata chakula cha baada ya ibada. Alivuta sigara nyuma ya tangi la maji. Na alikuwa na mdomo.

"Chumvi gani hii inakaa ndani ya kopo na kifuniko juu?" aliwauliza akina mama wa kukunja. "Miaka minne mko kwenye kopo, mboga haijawaona!"

"Tunakuombea, Mpagani," alijibu Mkunjaji Mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya kupasua vioo. "Kila siku jina lako linatajwa."

"Lingetajwa kwenye orodha ya likizo, ningefurahi zaidi."

"Cheka tu, baba. Siku ya siku utatutafuta."

"Nitawatafuta wapi, mama? Si mtakuwa hapahapa mnakunja?"

Walicheka hata wao, wakashika midomo, maana kucheka na Mpagani hakukuwa kwenye mafundisho. Lakini pamoja na maombi hayo yote, Kikundi cha Chumvi hakikuweza kuishi bila Mpagani hata wiki moja. Sababu ilikuwa daftari.

Juu ya boila kuna vali ya usalama. Kazi yake ni moja: mvuke ukizidi, ifunguke yenyewe, ipige mluzi na kuutoa nje kabla boila halijapasuka na kuwachukua waliomo. Sheria inataka kila asubuhi mtu avute mkono wa vali, asikie mluzi, aandike kwenye daftari "Imekaguliwa, inafunguka", kisha atie sahihi. Ni kazi ya nusu saa, maana ukishautoa mvuke inabidi usubiri ujae tena, na mashine zote zinasimama. Kwa hiyo tangu zamani hapakuwa na mtu aliyeuvuta mkono ule. Waliandika tu.

Kikundi kilipoanza, jambo hili likawachoma dhamiri. Wakalifungia siku tatu, hawali hawanywi, mashuka yanaungua kwenye pasi kwa sababu wapigaji walikuwa wanaona kizunguzungu. Walipomaliza kufunga walikuwa na jibu: mwana wa Chumvi haandiki uongo. Wote ishirini na wawili wakainua mikono, wakaapa. Ungedhani sasa watauvuta mkono wa vali. Thubutu! Daftari lilihamishwa, likapewa Mpagani.

"Wewe huna shida na mambo haya," Mtumishi alimwambia kwa upole kabisa, kama mtu anayemkabidhi mwenzake ndoo ya choo kwa kuwa tayari ananuka.

Mpagani alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakubali. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza habari ya sigara, wala kuchelewa kwake Jumatatu. Yeye akawa anaandika, mara nyingine wiki nzima kwa mkupuo mmoja, sahihi yake na mkia wake mrefu ikiteremka ukurasani kama safu ya panya. Ishirini na wawili wakapita mbele ya daftari lile wakiwa na mikono safi. Na ubaoni, karibu na mlango wa kuingilia, Mkunjaji Mkuu alibadilisha tarakimu kwa chaki kila alfajiri: SIKU 1,412 BILA AJALI. BWANA NI MWEMA.

Mpagani aliwadharau kwa moyo mkunjufu. Ilikuwa starehe yake kuliko sigara. Kila akitia sahihi alijiambia: watazame, wameajiri mwenye dhambi wa kudumu, kama watu wanavyoajiri mlinzi. Kwamba mwongo kwenye ukurasa alikuwa yeye, hilo halikumkosesha usingizi. Nyani haoni kundule.

Mambo yalibadilika mpwa wake alipopata kibarua pale kiwandani, akishika nafasi ya mama mmoja aliyeacha kazi.

Huyu alikuwa mtoto wa dada yake marehemu. Mpagani alimchukua akiwa darasa la tatu, akazunguka naye kutoka kazi moja hadi nyingine, akamlea kwa chai ya rangi na masimulizi. Sasa alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwembamba, mwenye kuuliza maswali kwa sauti ya chini. Naye aliokoka, lakini si kwa ajili ya zamu. Aliokoka hata kabla ya kukijua kiwanda, kimyakimya, na mjomba wake alipomdhihaki alitabasamu tu na kumwongezea chai. Alipoingia kwenye Kikundi cha Chumvi, Mpagani alitikisa kichwa. "Mwanangu, umekwenda kuweka yai kwenye kiota cha kunguru." Lakini hakumkataza.

Kama kibarua mpya, alipewa mashine ambayo hakuna aliyeitaka: rola kubwa ya kunyooshea mashuka, iliyoegemea ukuta wa chumba cha boila. Huko kulikuwa na joto la tanuri. Yeye alilisha mashuka kwenye rola huku akiimba, na Mpagani, upande wa pili wa ukuta, akawa anamsikia mchana kutwa.

Jumatatu moja, kama saa nne, Mpagani alirudi kutoka nyuma ya tangi akatupia jicho kipimo cha mvuke. Mshale ulikuwa umeupita mstari mwekundu. Si kidogo. Swichi inayozima moto yenyewe ilikuwa imegoma. Mpagani hakushtuka sana. Akainua uso juu, akasubiri mluzi wa vali.

Mluzi haukulia.

Mshale ukazidi kupanda. Boila likaanza kutoa mlio wa chini, kama mtu anayekoroma amefumba mdomo. Na upande wa pili wa ukuta mpwa wake alikuwa kwenye ubeti wa tatu.

Mpagani alirukia bomba la mafuta, akalifunga kwa mikono miwili, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Moto ukafa. Akakaa sakafuni akitazama mshale ukishuka taratibu. Ulipofika chini akachukua ngazi, akapanda, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akaushika mkono wa vali. Akavuta. Akaning'inia. Hata kutikisika haukutikisika. Kutu na ukoko wa maji vilikuwa vimeugandisha mpaka ukawa kitu kimoja na boila.

Alimfuata Mtumishi ofisini mkono umefungwa tambara.

"Vali imekufa. Sitii sahihi leo. Wala kesho."

Mtumishi akaweka kalamu chini. "Ndugu yangu, Alhamisi mkaguzi wa serikali anakuja."

"Vizuri. Atalifunga boila."

"Atalifunga! Halafu hoteli zitaenda kufua wapi? Watu ishirini na watatu watakaa nyumbani. Mkaguzi akipita salama, mwezi ujao tutaibadilisha vali kimyakimya. Wewe andika tu kama siku zote."

"Andika wewe."

Mtumishi akamtazama kwa uchungu wa kweli. "Unajua mimi siwezi. Mimi nimeokoka."

Kesho yake asubuhi Kikundi kizima kiliingia kwenye chumba cha boila kwa nyimbo. Mpagani, aliyewasha nusu moto na kuapa kwamba hatabanduka kwenye kipimo, aliwatazama wakilizunguka lile pipa wakiwa wamenyoosha mikono. Mkunjaji Mkuu alifungua kichupa akalipaka boila mafuta ya upako. Kwa kuwa boila lilikuwa la moto, mafuta yakaanza kuvuta moshi.

"Mmeona!" akapaza sauti. "Moshi! Roho amepokea!"

"Mama, hayo ni mafuta ya kupikia," alisema Mpagani. "Ongeza kitunguu."

Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyepanda ngazi.

Kumbe jambo kubwa zaidi lilipangwa mchana, na Mpagani hakulisikia mpaka jioni, walipoketi kula yeye na mpwa wake, meza ni moja, taa ni moja. Binti alikuwa hali. Anasukuma chakula huku na huko.

"Mjomba," akasema, "wamenitenga."

"Wamekutenga! Umeiba nini, sabuni?"

"Sijafanya kitu. Wamenitenga mpaka Ijumaa tu."

Mpagani akaweka kijiko chini. Msichana akaeleza akiwa ameinamisha uso. Mtumishi alimwita, akiwa pamoja na Mkunjaji Mkuu. Wakamwambia Mungu ana kazi maalumu naye. Wana wa Chumvi wameapa kutoandika uongo, na kiapo ni kiapo. Lakini mtu aliyetengwa si mwana wa Chumvi. Basi wao wamtenge Jumanne. Alhamisi ajaze daftari mbele ya mkaguzi, mistari yote minne na sahihi. Ijumaa atubu mbele ya kikundi, nao watampokea kwa shangwe. Na kibarua chake kitakuwa ajira ya kudumu.

Mpagani alianza kucheka. Alicheka kicheko chake kikubwa cha dharau, akapiga meza, vikombe vikaruka. "La kuvunda halina ubani! Wamemkosa mwenye dhambi, sasa wanatengeneza wao! Wanamchovya mtoto kwenye matope Jumanne wamsuuze Ijumaa! Hao ndio nuru yako hao! Hao ndio..."

Akakata kicheko, kwa maana mpwa wake hakuwa anacheka.

"Usitie sahihi," akamwambia.

"Wewe ulitia miaka mingapi, mjomba?"

"Mimi ni mimi. Mimi si mmoja wenu."

"Kwa hiyo mvuke unauliza mtu dini yake?"

Mpagani akapapasa mfukoni akitafuta sigara.

"Miaka minne," binti akaendelea kwa sauti ileile ya chini, "kwenye rola kulikuwa na watu kabla yangu. Yule mama aliyeacha kazi kwa ajili ya kifua. Kabla yake yule kaka. Uliwahi kuuvuta mkono hata siku moja?"

"Hapana."

"Wewe waliona hutajali. Mimi wameona nitatii." Akainuka kuosha sahani. "Nikiandika ukweli, mkaguzi atafunua kurasa za nyuma. Atakuta jina lako, mjomba. Si lao. Lako. Ndiyo maana sili."

Mpagani hakuwa amelifikiria hilo. Yaani alikuwa amelifikiria, tangu Jumatatu, na ndiyo sababu alikuwa amekaa anachunga kipimo kama yaya badala ya kwenda mwenyewe kwa mkaguzi. Alikuwa anasubiri ukweli utoke kwa namna isiyomgusa. Sawasawa na wao. Alitoka nje kuvuta, sigara ikamzimikia vidoleni mara mbili.

Jumatano mpwa wake hakuruhusiwa kuingia kwenye maombi. Wenzake walipishana naye wakitazama pembeni, wengine wakimkonyeza, maana walijua ni mchezo wa siku nne. Saa ya chakula alikuja kukaa nyuma ya tangi la maji, karibu na mjomba wake. Alisali kidogo, akala mkate nusu, nusu akampa mjomba.

Alhamisi saa nne mkaguzi alifika, mtu mfupi mwenye begi la ngozi na viatu vilivyokanyaga mengi. Chumba cha boila kikajaa. Mtumishi akaleta daftari akiwa amelishika kwa ncha za vidole, akalifungua kwenye ukurasa wa wiki hiyo, akampa binti kalamu.

"Kibarua wetu alipitiwa kuandika," akamwambia mkaguzi huku akitabasamu. "Vijana, unawajua. Jaza, binti yangu."

Msichana akaliweka daftari juu ya pipa la sabuni ya unga. Kabla ya kuandika aligeuka akamtazama mjomba wake. Mtazamo ule haukuomba ruhusa. Ulimwomba radhi. Kisha akaandika polepole, na mkaguzi, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, akasoma kwa sauti:

"Jumatatu, haikukaguliwa. Jumanne, haikukaguliwa. Jumatano, haikukaguliwa. Alhamisi, vali imeganda, haifunguki." Akavua miwani. "Kweli hii?"

"Binti huyu tumemtenga!" akadakia Mkunjaji Mkuu. "Ana matatizo ya kiroho!"

Mkaguzi alipanda ngazi, akaushika mkono wa vali, akavuta, akaning'inia mpaka viatu vyake vilivyokanyaga mengi vikaacha kukanyaga chochote. Kimya. Akashuka, akachukua kipande cha waya na lakiri ya risasi, akalifunga bomba la mafuta kwa muhuri wa serikali. Mashine zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine, na katika ukimya ule ikasikika karatasi ikifunuliwa. Mkaguzi alikuwa anarudi nyuma. Ukurasa, ukurasa, ukurasa.

"Na hizi? Imekaguliwa, inafunguka. Imekaguliwa, inafunguka. Sahihi ya nani hii yenye mkia?"

Mtumishi hakusita hata kidogo. Akanyoosha kidole, kwa huzuni kubwa ya kichungaji. "Ya huyu. Tumemwombea miaka minne, mkaguzi. Si mmoja wetu."

Jozi ishirini na moja za macho ya huruma zikamgeukia Mpagani. Ya ishirini na mbili ilikuwa ya mpwa wake, na hiyo haikuwa ya huruma. Mpagani aliona vizuri kabisa anachoweza kusema. Angeweza kusema walivyofunga siku tatu, walivyoapa, walivyompa. Alikuwa na maneno ya kuwachana vipande, tena yenye kuchekesha. Alikuwa ameyapika tangu Jumanne.

"Ni yangu," akasema. "Sikuwahi kuugusa mkono ule. Niliandika uongo kila siku, siku nyingine wiki nzima kwa asubuhi moja. Wao walijua. Lakini mkono ni wangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu iliyokuwa kwenye rola haikuwa ngozi yangu."

Alifukuzwa palepale, na barua ya kuitwa na idara ikamfuata. Mtumishi alihojiwa pia, akajibu kila swali bila uongo hata mmoja: hakuandika, hakutia sahihi, hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba vali inafunguka. Akarudi na mikunjo ya suruali yake ileile.

Jumapili, kanisani, Mtumishi alitoa ushuhuda. Alieleza jinsi Kikundi cha Chumvi kilivyoweka mikono juu ya boila na jinsi Bwana alivyofichua hatari kabla ya maafa. Watu wakapiga makofi. Mpwa wa Mpagani alikuwa kwenye benchi la nyuma, akasikia yote.

Jumatatu Mpagani alikwenda kiwandani kurudisha viatu vya kazi. Ubao ulisomeka SIKU 1,503 BILA AJALI, na huwezi kusema ni uongo. Mashuka ya hospitali yalikuwa yamerundikana uani, mlima wenye harufu, maana wagonjwa hawasubiri vali mpya. Kutoka kwenye chumba cha kukunjia zilisikika nyimbo. Mlangoni alisimama mpwa wake, na Mkunjaji Mkuu ameziba njia.

"Utaingia ukitubu," Mkunjaji Mkuu alikuwa anasema.

"Nitubu nini, mama?"

"Uliaibisha watu wa Mungu."

Msichana akafikiri. Alifikiri kwa dhati, kama ilivyokuwa desturi yake, kana kwamba huenda kweli kuna kitu. Kisha akasema, "Hapana, mama. Hilo silioni," akageuka, akaenda uani. Akaburuta beseni kubwa la zege chini ya bomba, akafungulia maji, akaanza kutumbukiza mashuka, peke yake, ya chumba cha upasuaji yakiwa ya kwanza.

Mpagani aliwatafutia wote dharau yake, akaikuta palepale alipoiacha: ya kumtosha Mtumishi, ya kumtosha Mkunjaji, na fungu nono la kwake mwenyewe. Kwa huyu wa kwenye beseni alipapasa, hakuambulia kitu.

"Mjomba," msichana akaita bila kuinua kichwa, "ile sabuni ya unga nzuri, uliificha wapi?"

"Nyuma ya tangi. Chini ya gunia."

"Basi usisimame kama mgeni."

Akavileta viatu vya kazi mpaka ukingoni mwa beseni, akaviweka chini, akakunja suruali magotini akaingia. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Akaanza kukanyaga huku akipiga kelele za baridi, na mpwa wake akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

Dirisha la chumba cha kukunjia likafunguka. Mkunjaji Mkuu akatoa kichwa, akawatazama kitambo. Halafu akalifunga, kelele zisiwavurugie maombi.